Vitambuzi Ving'aavyo na Usugu wa Vijidudu: Jinsi Mwanga Unavyofichua Dawa Iliyoshindwa

Mkulima akilala kitandani wakati wa palizi, hasara yake huonekana wakati wa mavuno, na kutoka hapo huingia moja kwa moja katika hesabu za chama chake. Ndivyo ilivyo pia ng'ombe wa maziwa anapougua kiwele, akachomwa dawa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu pasipo nafuu. Fedha ya dawa imekwisha, maziwa yamemwagwa, na ugonjwa uko palepale. Kwa kawaida lawama hupewa dawa, kwamba ni bandia au imepitwa na wakati. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingine dawa ni nzima kabisa, na kilichobadilika ni kijidudu.

Hali hiyo ya kijidudu kuhimili dawa iliyokuwa ikikiua huitwa usugu. Si jambo dogo. Hesabu iliyofanywa na wataalamu wa nchi nyingi kwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa mwaka huo kwa sababu ya vijidudu sugu. Katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, na kwingineko katika nyanda za kati, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mkulima ni mfugaji pia. Mara nyingi dawa ya mtoto, dawa ya ndama na dawa ya kuku huwekwa katika nyumba moja, na hutolewa na mkono mmoja.

Usugu hauonekani kwa macho. Vijidudu sugu na visivyo sugu vikiwekwa chini ya hadubini hufanana kama punje za uwele. Ndiyo sababu wataalamu wametafuta njia ya kuvifanya vijitambulishe vyenyewe, na mojawapo ya njia hizo ni kutumia mwanga. Makala haya yanaeleza vitambuzi ving'aavyo ni nini, vinavyofanya kazi, na kwa nini katibu wa chama cha msingi anapaswa kuvifahamu.

USUGU HUTOKEA VIPI

Kwanza yafaa kusahihisha dhana moja iliyoenea. Watu husema kwamba mwili umezoea dawa. Sivyo. Mwili hauzoei dawa. Vinavyobadilika ni vijidudu vilivyomo mwilini.

Wafugaji wa siku nyingi wanaufahamu mfano ulio karibu. Katika Afrika Mashariki dawa za josho zimelazimika kubadilishwa mara kadhaa, kwa kuwa kupe walianza kuokoka. Hakuna kupe hata mmoja aliyejifunza kuogelea katika dawa. Ila katika maelfu ya kupe walikuwapo wachache ambao kwa maumbile yao dawa haikuwaua. Wenzao walipokufa, wachache hao wakabaki na malisho yote, wakazaana, na kizazi kilichofuata kikawa chao. Josho lililopunguzwa dawa kwa ajili ya kubana matumizi liliharakisha mambo, kwa sababu liliua walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu.

Mfano wa pili unatoka katika malaria. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kwa sababu vimelea vya malaria havikuisikia tena, na dawa ya SP ikashika nafasi yake. Mwaka 2006 SP nayo ikaachwa kuwa tiba ya kwanza, na dawa ya mseto ikaingia. Kupe si bakteria, wala vimelea vya malaria si bakteria, lakini kanuni ni ileile.

Bakteria, ambao ndio vijidudu vinavyozungumzwa hapa, wana njia nne kubwa za kujikinga na dawa. Njia ya kwanza ni kupunguza milango ambayo dawa huingilia. Ya pili ni kuwa na pampu ndogo sana katika ukuta wa kijidudu, ambayo huisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi. Ya tatu ni kutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande vipande. Ya nne ni kubadilisha mahali dawa inapokusudiwa kushika, mithili ya mwenye nyumba anayebadilisha kitasa ili ufunguo wa zamani usifungue. Daktari akitaka kujua ni dawa gani itakayofaa, au mtafiti akitaka kutengeneza dawa mpya, lazima ajue kijidudu kinatumia njia ipi kati ya hizo.

MWANGA HUU NI WA AINA GANI

Kuna vitu ambavyo vikimulikwa kwa mwanga wa rangi moja, huurudisha ukiwa wa rangi nyingine. Huumeza mwanga wa buluu au mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, kisha hutoa mwanga wa kijani, wa manjano au mwekundu. Mwanga wa kumulika ukizimwa, nao hukoma. Jambo hili lilielezwa kwa ufasaha mwaka 1852 na mwanasayansi George Gabriel Stokes wa Uingereza. Halina uhusiano na moto, wala si kama kimulimuli, ambaye hujitengenezea mwanga wake mwenyewe tumboni.

Faida yake katika maabara ni kubwa. Kitu kidogo kinachong'aa katika giza huonekana upesi kuliko kitu kikubwa katika mwanga wa mchana, kama vile sigara ya mpita njia inavyoonekana usiku kutoka ng'ambo ya bonde. Kwa miaka mingi maabara za kifua kikuu zimetumia rangi iitwayo auramini kwa sababu hiyo. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa auramini, na chini ya hadubini yenye taa maalumu vijidudu vya kifua kikuu huonekana kama vijiti vya manjano juu ya giza. Mpimaji hutumia muda mfupi zaidi, na huona wagonjwa zaidi kuliko kwa hadubini ya kawaida.

Hata hivyo rangi hiyo hupaka vijidudu vyote vya kifua kikuu, vilivyo sugu na visivyo sugu. Husema kijidudu kipo. Haisemi kama kinasikia dawa. Kwa swali hilo la pili hutakiwa kitu chenye akili zaidi, yaani kitambuzi: kitu king'aacho kilichoundwa kijibu swali moja mahususi. Vipo vya namna nyingi, na hapa zinaelezwa njia tatu.

NJIA YA KWANZA: KUIVISHA DAWA TAA

Njia hii huifuata dawa yenyewe. Mtaalamu huchukua dawa na kuifunga kipande kidogo cha kemikali king'aacho, kisha huimimina penye vijidudu na kuangalia inakoelekea. Ni sawa na kumfunga kengele ng'ombe anayepotea ili ajulikane alipo.

Ipo dawa moja ambayo haihitaji kufungwa chochote, nayo ni tetrasaiklini, ndugu wa oksitetrasaiklini ambayo wafugaji huijua sana katika chupa za sindano. Dawa za jamii hii hung'aa zenyewe zikimulikwa kwa mwanga wa urujuani, na hujishikiza katika mifupa inayokua. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba mifupa ya watu wa kale wa Nubia, nchini Sudan, waliokufa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, iling'aa kwa namna ya tetrasaiklini. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba ilikuwa dawa hiyo kweli, na inafikiriwa kuwa iliingia miilini mwao kwa njia ya pombe ya nafaka, kwa kuwa kijidudu kinachoitengeneza dawa hiyo huishi katika udongo na huweza kuota katika nafaka. Mwanga uliweza kusema dawa ilipofika, hata baada ya karne nyingi.

Mwaka huohuo wa 1980, watafiti wa Boston waliokuwa wakiongozwa na Stuart Levy walionyesha kwamba bakteria sugu kwa tetrasaiklini huwa na pampu ya kuitoa nje. Tangu hapo pampu za namna hiyo zimegunduliwa katika bakteria wengi, na vitambuzi ving'aavyo vimekuwa chombo kikuu cha kuzichunguza. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, watafiti wameivisha taa dawa iitwayo trimethoprimu, ambayo ni mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika kotrimoksazoli, inayojulikana na wengi kwa jina la Septrin. Walipoiweka penye bakteria wa tumbo waitwao Escherichia coli, wale wenye pampu nzima walibaki na mwanga hafifu, kwa kuwa dawa ilitolewa nje. Wale ambao pampu yao iliharibiwa kwa makusudi walijaa mwanga.

Hapa msomaji azingatie jambo moja: katika njia hii giza ndiyo habari. Kijidudu kisichong'aa ndicho kinachotiliwa shaka, kwani dawa haikukaa ndani yake.

Vipo pia vitambuzi vilivyotengenezwa vikiwa vimezimwa, ambavyo huwaka pale tu kimeng'enya cha kijidudu kinapovikata. Hivyo hufichua bakteria wanaovunja dawa za jamii ya penisilini. Hapo mambo hugeuka: kinachowaka ndicho kilicho sugu. Kwa hiyo mwanga peke yake si jibu. Lazima ajulikane aliyeuliza, na swali aliloliuliza.

NJIA YA PILI: CHUPA INAYOWAKA

Njia ya pili haifuati dawa, bali hufuata pumzi ya vijidudu. Hutumika sana kwa kifua kikuu.

Katika chupa ndogo ya kioo hutiwa chakula cha majimaji cha vijidudu, na chini kabisa ya chupa kuna tabaka lenye kemikali ing'aayo. Maadamu oksijeni imo katika chupa, mwanga wa kemikali hiyo huzimwa. Vijidudu vikiota, huitumia oksijeni kama vile watu waliofungiwa chumbani, na inapopungua tabaka la chini huanza kung'aa. Mwanga humwambia mpimaji kwamba ndani ya chupa kuna kilicho hai.

Ili kupima usugu, makohozi yaliyoandaliwa hugawanywa katika chupa mbili au zaidi. Moja haina dawa, na nyingine zina dawa, kila moja na dawa yake. Ikiwaka ile isiyo na dawa peke yake, vijidudu vinaisikia dawa. Ikiwaka na yenye dawa, ni sugu kwa dawa hiyo. Mkulima aliyewahi kulinganisha kipande cha shamba kilichotiwa mbolea na kisichotiwa ataielewa njia hii mara moja.

Uzuri wake ni kwamba huona kijidudu kinavyotenda, si kinavyofanana, na huweza kupima dawa nyingi. Upungufu wake ni muda. Kijidudu cha kifua kikuu hukua polepole mno, na hata kwa chupa hizi majibu huchukua majuma. Kwa njia ya zamani ya kuotesha juu ya chakula kigumu, mgonjwa aliweza kungoja miezi, huku akikohoa katika nyumba moja na watoto wake na kumeza dawa isiyomfaa.

NJIA YA TATU: WALINZI WATANO

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi hapa nchini. Msingi wake ni kitambuzi kilichobuniwa New York na Sanjay Tyagi na Fred Russell Kramer, ambao walikitangaza mwaka 1996. Kitambuzi hicho ni uzi mfupi wa herufi za urithi uliokunjwa kama kisu cha mfukoni. Kwenye ncha moja kuna kemikali ing'aayo, na kwenye ncha ya pili kuna kemikali inayozima mwanga. Uzi ukiwa umekunjwa, ncha hizo hukaa pamoja na mwanga haupo. Uzi ukikutana na kipande cha urithi kinacholingana nao herufi kwa herufi, hukunjuka ili kujishikiza nacho. Ncha hutengana, na taa huwaka.

Kitambuzi hiki kimefanywa kuwa kipimo cha kifua kikuu kinachoendeshwa na mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo chake mwezi wa Desemba mwaka 2010. Rifampisini, iliyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu, huua kijidudu kwa kushika mahali fulani katika kiwanda chake cha kunakili maagizo ya urithi. Karibu kila kijidudu kilicho sugu kwa rifampisini, yaani takriban 95 katika kila 100, kimebadilika katika sehemu ndogo ya urithi yenye herufi 81 tu. Basi wataalamu waliweka vitambuzi vitano, kila kimoja na rangi yake ya mwanga, vikigawana sehemu hiyo.

Mtu aweza kuvifikiria kama walinzi watano wa ghala la chama, waliopewa kila mmoja kipande chake cha ukuta. Kila mlinzi anakijua kipande chake kwa undani, na akikikuta kilivyo huwasha taa. Taa zote tano zikiwaka, ukuta ni wa kawaida na rifampisini itafanya kazi. Zisipowaka zote, hakuna kifua kikuu kilichoonekana. Lakini taa nne zikiwaka na moja ikabaki gizani, au ikachelewa mno kuwaka, maana yake mlinzi huyo hakukitambua kipande chake: ukuta umebadilishwa hapo, na kijidudu kimehesabiwa kuwa sugu.

Yupo na mlinzi wa sita, ambaye katibu yeyote ataipenda kazi yake. Ndani ya kipimo huwekwa mbegu za kijidudu kingine kisicho na madhara, na mlinzi wa sita kazi yake ni kuzitambua hizo tu. Asipowasha taa mahali ambapo hakuna taa nyingine iliyowaka, kipimo kizima hubatilishwa. Ni kama jiwe la mizani linalowekwa kabla ya kupima ufuta wa mwanachama: mizani isiyosoma jiwe sawasawa haiwezi kuaminiwa kusoma gunia.

Kazi yote hukamilika kwa muda wa saa 2 hivi. Tena kipimo hiki huona vijidudu vichache sana. Hadubini huhitaji vijidudu wapatao 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili ivione. Kipimo cha kwanza cha GeneXpert huhitaji 131 hivi, na kile cha Ultra, kilichoidhinishwa mwaka 2017, huhitaji 16 hivi. Ultra hutumia vitambuzi vinne badala ya vitano, na husoma joto ambalo kila kitambuzi huachia kipande chake.

TANZANIA KATIKA HABARI HII

Afrika Mashariki si mgeni katika habari ya rifampisini. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndiyo yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi 6, ambapo hapo awali tiba ilichukua mwaka mmoja au zaidi. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, akishirikiana nao daktari Karel Styblo wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu. Utaratibu uliojengwa hapa wa kuandikisha kila mgonjwa, kumsimamia anapomeza dawa na kuhesabu waliopona, ulikuja kuwa kielelezo kwa nchi nyingi. Kwa lugha ya ushirika, ulikuwa ushindi wa daftari lililotunzwa vizuri.

Usugu ulipotokea, tiba yake ilianzia Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, katika hospitali iliyoanza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu walianza kupewa dawa za daraja la pili hapo mwaka 2009. Tiba hiyo ilikuwa nzito: ilichukua karibu miaka miwili, ikiwa na sindano za kila siku kwa miezi mingi, na sindano hizo ziliwaachia baadhi ya wagonjwa uziwi. Leo dawa za kumeza za miezi 6 zimependekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2022 kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Hata hivyo ni nafuu kubwa zaidi kutofika huko.

Mashine ya GeneXpert nayo ilipimwa nchini mapema. Kituo cha utafiti cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilishiriki katika kazi hiyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba ilitambua karibu wagonjwa tisa katika kila kumi waliothibitishwa kwa kuotesha vijidudu. Kwa mwanachama wa Busi maana yake ni hii: makohozi yake yanaweza kusafirishwa kutoka zahanati hadi kwenye maabara yenye mashine, na jibu la kuwapo kwa ugonjwa likaja pamoja na jibu la usugu. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika huduma za serikali hutolewa bila malipo.

MIPAKA YA MWANGA

Haingekuwa haki kusifu chombo bila kueleza upungufu wake. Vitambuzi vya GeneXpert husoma urithi, na urithi wa kijidudu kilichokufa husomeka kama wa kilicho hai. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayeendelea na tiba hapimwi maendeleo yake kwa njia hiyo. Pia walinzi hulinda pale walipowekwa tu: kipimo hicho hutoa habari ya rifampisini, na usugu kwa dawa nyingine huhitaji vipimo vingine. Dawa iliyovishwa taa nayo si dawa ileile kabisa, kwani mzigo uliofungwa waweza kubadilisha mwendo wake, hivyo watafiti hulazimika kuhakikisha kwamba bado inafanya kazi kama ile ya asili. Aidha, mashine huhitaji umeme, matunzo na vifaa vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Lakini mpaka ulio mkubwa kupita yote ni huu: kitambuzi huonyesha usugu, hakiuondoi. Usugu hautengenezwi katika maabara, na hautamalizwa katika maabara. Hutengenezwa majumbani na mazizini.

KUTOKA ZIZINI HADI NYUMBANI

Stuart Levy aliyetajwa hapo juu alifanya jaribio lingine lililotangazwa mwaka 1976, ambalo kila mfugaji wa kuku anapaswa kulijua. Katika shamba moja karibu na Boston, kundi la kuku lilipewa chakula kilichochanganywa na oksitetrasaiklini kidogo, na kundi jingine likapewa chakula kitupu. Kwa muda wa juma moja tu karibu vijidudu vyote vya matumboni mwa kuku waliokula dawa vilikuwa sugu. Baada ya miezi 5 hadi 6, karibu theluthi moja ya sampuli za choo za watu wa shamba hilo zilikuwa zimejaa vijidudu sugu, ilhali kwa majirani zilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi. Watu hao hawakumeza dawa. Waliishi tu karibu na kuku walioila.

Somo hilo linaihusu Kondoa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ng'ombe wachache wa kufungiwa bandani ukaanza kuhimizwa. Ufugaji huo una faida nyingi, lakini humleta mnyama, samadi yake na maziwa yake karibu kabisa na jiko. Ng'ombe aliyechomwa dawa huitoa katika maziwa kwa siku kadhaa. Maziwa hayo yakiuzwa au kunywewa, mtoto hupewa dawa kidogo kidogo asiyoihitaji, na dawa kidogo kidogo ndiyo shule ya vijidudu, kama vile josho lililopunguzwa lilivyokuwa shule ya kupe.

WAJIBU WA VYAMA VYA MSINGI

Tanzania ilipitisha mpango wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea kwa dawa mwaka 2017, na wa pili umewekwa kwa miaka 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inaunganisha afya ya watu, mifugo na mazingira. Chama cha msingi kina nafasi yake, kwa kuwa kinakutana na wanachama wengi kwa wakati mmoja, na kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kuweka kumbukumbu. Mambo yafuatayo yamo katika uwezo wa kila chama:

1. Katika mkutano mkuu, muda mfupi utengwe kwa mganga wa zahanati na afisa mifugo wa kata ili waeleze habari hizi kwa lugha ya wanachama.

2. Mwanachama anayekohoa kwa majuma 2 au zaidi, au anayekonda na kutoka jasho usiku, ashauriwe kwenda kupimwa makohozi, wala asianze kununua vidonge dukani. Aliyeanza tiba ya kifua kikuu asaidiwe kuimaliza, hata msimu wa kilimo ukiwa umefika na hata akijisikia mzima.

3. Dawa za kuua vijidudu zisigawanywe kati ya jirani na jirani, wala vidonge vilivyobaki visihifadhiwe kwa ugonjwa ujao. Mafua ya kawaida hayaponywi kwa dawa hizo.

4. Chama kinachouza pembejeo na dawa za mifugo kiuze kwa ushauri wa mtaalamu, na kieleze kipimo kwa uzito wa mnyama. Nusu ya kipimo si nusu ya tiba. Mara nyingi ni mbegu ya usugu.

5. Kila mfugaji awe na daftari lenye tarehe ya sindano, jina la dawa, na tarehe ambayo maziwa au nyama vitaruhusiwa kutumika kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Kabla ya tarehe hiyo maziwa yasipelekwe mnadani, kwa jirani wala mezani.

6. Dawa iliyokwisha kutolewa ipasavyo isipoleta nafuu, mfugaji asirudie kwa kubahatisha. Amwite mtaalamu, ili sampuli ichukuliwe na kupimwa dawa inayofaa.

7. Kinga ipewe nafasi ya kwanza: chanjo, banda kavu, mikono safi wakati wa kukamua, na maji safi. Mnyama asiyeugua hahitaji dawa.

Mambo hayo hayahitaji mashine wala umeme. Yanahitaji katibu anayeyasoma mbele ya wanachama, na wanachama wanaokubaliana kuyafuata. Vitambuzi ving'aavyo vitaendelea kuonyesha ni dawa zipi bado zinafanya kazi. Ni dawa ngapi zitakazokuwa zimebaki kuonyeshwa, hilo litaamuliwa katika kila nyumba na kila zizi.